Nilivyomshikia Binti Yangu Nafasi

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto mkubwa anayeshinda ndani na kompyuta, na wewe unamshukuru Mungu kwamba angalau hazururi, nisomee haya mpaka mwisho. Mimi nilishukuru hivyo hivyo. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani anaonekana mara mbili kwa mwezi. Kila akija alikuwa anachungulia chumba cha binti yetu, anamkuta amekaa na hedifoni zake kichwani, anarudi sebuleni ameridhika kabisa.

"Mwache," ananiambia. "Wenzake wako wapi saa hizi? Huyu wa kwetu tunamwona."

Kumwona tulimwona. Nilichokuwa sikioni ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa njiani kuingia mle ndani alimokuwa.

Binti yangu tunamwita Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo juu ya mdomo. Ana miaka ishirini na mitatu, anafanya kazi katika duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Rafiki yake wa tangu darasa la kwanza anaitwa Pacha. Si pacha wa mtu. Walizaliwa wiki moja, wakakalia dawati moja miaka saba, mwalimu akachoka kuwatenganisha akawaita mapacha, na kwa mwenzake jina likaganda. Pacha yuko kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri. Mchana anarudi kumhudumia bibi yake, ambaye hainuki kitandani.

Mchezo wenyewe aliyeuleta ni Pacha. Ni mchezo wa vita wa kwenye intaneti. Watu ishirini, kila mmoja kwake, wanaingia pamoja kwenye ngome kupigana na jitu, na kundi lao wanaliita kikosi. Pacha alikuwa mbeba ngao, yule anayesimama mbele apigwe yeye ili wengine wapone. Kidoti alikuwa mganga, kazi yake ni kuwatibu wenzake wasife.

"Mganga?" nilimwambia. "Mimi nikiumwa kichwa hata maji hunipi."

"Wewe mama hujajisajili," Pacha akanijibu, wakacheka wote wawili.

Siku hizo walikuwa wanachezea kwangu, meza moja, kompyuta mbili zimegusana migongo. Wakishindwa ndiyo wanacheka zaidi. Mimi napiga pasi pembeni, maana kazi yangu ni hiyo, nafulia watu na kuwapigia pasi hapa hapa nyumbani. Nilikuwa nafurahia kelele zao. Miaka miwili ilipita hivyo, na kama ingeendelea hivyo nisingekuwa na la kuandika.

Halafu akaja mtu wanayemwita Kamanda. Sura yake sijaiona mpaka leo, ni sauti tu, sauti ya mtu asiyepandisha wala kushusha. Alitoka kikosi kingine kilichovunjika, akakabidhiwa uongozi wa kikosi chao kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuandika orodha. Akaleta sheria. Kuitika majina kila siku saa kumi alasiri kamili. Anayekosa mara tatu kwa mwezi anapigiwa kura ya kutolewa. Wapiga kura ni viongozi watano, na Kidoti akafanywa mmoja wao, kwa kuwa mganga mzuri ni adimu. Na sheria kubwa kuliko zote ni kwamba mtu asikaliwe na mtu mwingine. Ikigundulika kiti chako kinakaliwa na mwenzako, unatoka siku hiyo hiyo.

Kikosi kikaanza kupanda. Kutoka huko chini kusikojulikana mpaka mia moja bora, mpaka hamsini. Kidoti akawa akiingia mlangoni ananitajia namba kabla ya salamu. "Mama, arobaini na nne." Nami najibu, "Hongera," kama mtu aliyeelewa.

Tabu ilikuwa saa kumi. Saa kumi Kidoti yuko kazini, anatoka saa kumi na moja. Vita vyenyewe ni saa kumi na mbili, ila kuitika ni saa kumi, na Kamanda hakutaka kusikia habari za kazi. Ndipo siku moja asubuhi, anavaa viatu, binti yangu akanigeukia.

"Mama, nikuombe kitu. Dakika kumi tu. Saa kumi ukae pale uitike kwa niaba yangu."

"Niitike vipi? Wakinisemesha?"

"Hawakusemeshi. Kipaza sauti nakizima. Kinatokea kisanduku, kina kitufe cha kijani na chekundu. Bonyeza kijani."

"Na kikiuliza kitu kingine?"

"Chochote kikitokea, kijani. Usisome, utajichanganya bure."

Nisome nini mimi. Maandishi yenyewe ni ya Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia darasa la saba kwenye kusimama na kukaa mwalimu akiingia. Nikasema sawa. Dakika kumi ni nini kwa mtoto wako? Tena niliona afadhali nijue hicho kinachomshika ni kitu gani.

Mwezi wa kwanza zilikuwa dakika kumi kweli. Kisha Kamanda akaanzisha mazoezi baada ya kuitika, nusu saa, halafu saa nzima. Kidoti akanifundisha siku za Jumapili. Upande wa kushoto wa kioo kuna majina ishirini, kila jina lina mstari wa kijani. Mtu akiumia mstari unapungua. Unambonyeza yule mtu, unabonyeza namba mbili, mstari unarudi. Ni kama kuchunga sufuria ishirini za maziwa motoni. Nikahamisha meza yangu ya pasi, nikaiweka ubavuni mwa kompyuta, mkono wa kushoto pasi, wa kulia panya.

Nilimuunguza mwalimu wa hesabu. Shati lake jeupe, mgongoni, alama ya pasi nzima nzima na matundu yake ya mvuke. Alikuja kulichukua, akalifunua, akaliangalia muda mrefu.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni pasi, mwalimu."

"Naona ni pasi. Nauliza ilikuwa inangoja nini hapa."

Ningemwambiaje kwamba kulikuwa na mtu wa ngao anakufa? Nikasema nilipata mgeni ghafla. Akakunja shati lake akaondoka nalo hivyo hivyo, na hakuleta tena nguo.

Yule wa ngao alikuwa Pacha. Nilijua ni yeye kwa jina lake la mchezoni, na nikiri, nilikuwa namwangalia yeye zaidi ya wote. Naye hakujua kwamba ni mimi. Ndivyo nilivyodhani.

Bibi yake Pacha akaanza kuota vidonda vya mgongo. Daktari akasema ageuzwe kila baada ya saa mbili, saa za kugeuzwa zisirukwe. Saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Pacha akakosa kuitika mara moja, akakosa mara ya pili, na ya tatu ikaja. Alikuja kwetu Jumanne jioni kumweleza Kidoti, nami nikiwa nakunja mashuka ya watu pale pale.

"Kura yangu ataiitisha lini?" Pacha akauliza.

"Jumapili. Kura huwa ni Jumapili."

"Na wewe?"

Kidoti akamtazama kama aliyetukanwa. "Mimi ni nyekundu, wee. Nyekundu ni kukataa, usitolewe. Wawili wengine nimeshaongea nao, nao ni nyekundu. Tatu kwa mbili. Umekaa hapo."

"Nilitaka tu nikusikie ukisema."

"Nimesema. Sasa ondoa unga kwenye nyusi zako, unatisha watu."

Alhamisi saa kumi nikakaa kama kawaida. Nikaitika kwa kijani. Nikarudi kwenye pasi, nilikuwa na sare za wauguzi kumi na mbili. Baada ya dakika chache kisanduku kingine kikatokea, kikubwa kuliko cha kila siku, na maneno mengi, na jina la Pacha ndani yake. Niliona jina lake. Nalisema hili kwa sababu sitaki mnihurumie kuliko ninavyostahili. Niliona jina lake, nikafikiri labda ametunukiwa kitu, au anaruhusiwa akamgeuze bibi yake. Chini kulikuwa na namba zinahesabu kurudi nyuma, ishirini, kumi na tisa, kumi na nane. Nikamkumbuka mwanangu alivyosema. Chochote kikitokea. Nikabonyeza kijani, nikachukua sare ya pili.

Kamanda alikuwa ameamua kutongoja Jumapili.

Kidoti aliingia saa kumi na moja na nusu, akasimama mbele ya kioo na mkoba bado begani.

"Mama. Umebonyeza nini?"

"Kijani."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Ulisema chochote kikitokea."

Hakunifokea. Ingekuwa nafuu angefoka. Aliteremka taratibu mpaka akakaa sakafuni, mgongo umeegemea mguu wa meza. Akanieleza kidogo kidogo, kama mtu anayetema mchanga. Kura zilikuwa mbili kwa mbili, ya tano ni yangu. Na mchezo ule unaonyesha kila kiongozi alivyopiga, jina na rangi yake. Simu yake ilikuwa na ujumbe mmoja wa Pacha. *Nimeona jina lako.* Basi, hakuna zaidi.

"Mpigie," nikamwambia. "Mwambie ni mama. Nipe hata mimi niseme naye."

"Akijua atawaambia wale wawili waliomtetea. Watadai kura irudiwe. Kamanda atauliza irudiwe kwa nini. Hapo mimi ndiyo nimetoka."

"Utoke basi."

"Mama, tuko wa kumi na moja. Kumi bora ndio wanaoingia fainali. Wiki tatu. Nimekaa hapa miaka minne."

"Na Pacha umekaa naye mingapi?"

Akaanza kuandika ujumbe, akaufuta, akaandika tena, akafuta. Mwisho akaigeuza simu kifudifudi.

"Wiki tatu tu," akasema. "Zikiisha naenda kwake mwenyewe. Na wewe usiseme, tafadhali. Niahidi."

Nikaahidi. Kosa la kwanza lilikuwa la mkono, hilo la pili lilikuwa la mdomo, na nalijutia zaidi. Kesho yake saa kumi nikakaa tena.

Sijui niwaeleze vipi hizo wiki. Pazia lilikuwa halifunguliwi, maana jua likipiga kioo sioni mistari. Mtu akibisha hodi siitiki. Wateja wangu wawili walisikia eti tumehama. Dada yangu alipata mjukuu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, nikaenda kumwona mtoto siku ya sita, asubuhi, nikiangalia saa ya ukutani kwao badala ya mtoto. Kidoti akawa anapiga simu kutoka kazini kila siku saa kumi kasorobo.

"Umekaa?"

Ndiyo salamu yetu ilikuwa hiyo. Si umeshindaje, si umekula. Umekaa? Nimekaa. Anakata.

Kikosi kikaingia kumi bora. Mahali pa Pacha waliweka mtu ambaye jina lake ni tarakimu tupu. Anapigwa, hasemi. Nikawa namtibu yeye. Na kuna siku Kamanda alisema kwa ile sauti yake iliyonyooka, nami nasikia kwenye hedifoni: "Mganga wetu wa saa kumi hajawahi kuchelewa hata sekunde. Muigeni." Niwaambie ukweli? Kichwa kilivimba. Nimepiga pasi miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kuwaambia wengine waniige. Usiku ule nilipokuwa nasali nilijikuta nataka saa kumi ifike. Niliogopa, nikaacha kusali katikati.

Pacha tulikutana naye barabarani mara mbili. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akapita. Zamani alikuwa ananipokea kapu bila kuuliza. Mara ya pili niligeuka kumtazama, nikaona na yeye kageuka, halafu kila mmoja akajifanya anaangalia kitu kingine.

Siku ya ishirini na moja nikashindwa. Nilitoka saa tisa mchana, nikamkuta ndani kwao. Chumba kidogo, kitanda katikati ili mtu apite pande zote mbili, chupa ya mafuta ya kupaka dirishani. Bibi kalala macho wazi. Pacha hakuniuliza nimefuata nini. Akasema tu, "Mama, nisaidie upande huo wa shuka," nikashika, tukahesabu moja mbili tatu, tukamgeuza kidogo apakwe mafuta. Bibi akashusha pumzi.

Nikasema nikiwa bado nimeshika shuka. "Mwanangu, ile kura niliipiga mimi. Kidoti hakuwepo. Mimi ndiye ninayekaa saa kumi."

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Najua ni wewe. Tangu mazoezi yalipoanza." Alikuwa anampaka bibi mafuta mgongoni, hakuinua uso. "Kidoti anatibu wa mbele kwanza, wa nyuma watajiju. Wewe ulikuwa unapita kwa zamu, mmoja mmoja, kama unagawia watoto chakula. Hata waliokwisha kufa ulikuwa unawabonyeza."

"Nilidhani wamelala."

Akacheka. Kicheko kidogo, lakini kilikuwa chake kile kile. "Nilikuwa nikisimama pale mbele napigwa, nasema moyoni, nyuma yangu yupo mama. Nilikuwa napenda saa kumi kuliko vita vyenyewe."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda. "Kwa hiyo kura ulijua."

"Siku ile ile. Niliandika nimeona jina lako, nikawa nangoja aje mbio, aseme, we, mama kabonyeza. Tungecheka mpaka tuumwe mbavu. Hakuja. Nikasema kesho. Hakuja. Nikasema labda Jumapili."

"Anaogopa kutolewa."

"Mimi nimetolewa, mbona bado napumua?" Akafunika chupa ya mafuta. "Ningetaka kumchongea kwa Kamanda ningemchongea zamani. Sitaki kikosi, mama. Muda wenyewe sina. Nataka aje hapa aniambie yeye mwenyewe, kabla ya hiyo fainali yao. Baada ya fainali itakuwa ni rahisi, kila mtu anaweza. Nataka kabla, wakati bado—"

Nami nikasimama. Alikuwa hajamaliza kusema. Juu ya mlango wao kuna saa, niliiona saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, na mwili wangu ukasimama wenyewe, kama wa mwanafunzi mwalimu akiingia.

Pacha akaangalia saa, akaniangalia mimi. Hakukasirika.

"Nenda, mama," akasema. "Utachelewa."

Nikaenda. Nilitembea haraka njia nzima, aibu mkononi kama kitu nilichoiba, na saa kumi kamili nilikuwa nimekaa.

Kidoti aliporudi nikamwambia yote, mpaka pale nilipoinuka. Alikaa mbele ya kompyuta, akachomoa waya wa hedifoni, sauti zikatoka nje chumba kizima, wanakikosi wanapiga soga wakingoja saa kumi na mbili. Akawasha kipaza sauti.

"Kamanda, nina neno," akasema. "Saa kumi si mimi ninayekaa. Ni mama yangu. Na ile kura ya Pacha aliipiga yeye, hakujua ni kura. Naomba irudiwe. Kama ni kutoka, nitoke mimi."

Mimi nimesimama nyuma yake, mikono nimeifumbata kifuani, nasema moyoni, imekwisha, ahsante Mungu, imekwisha. Watamfukuza, atalia siku mbili, Jumatatu tutafungua pazia.

Kamanda akasema, "Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Wewe wa jioni unabishana. Wa saa kumi habishani. Mwambie mama ashikilie hapo hapo."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata.

"Na sheria?" Kidoti akauliza. Sauti ilikuwa imemnywea.

"Sheria ni ya wale tunaotaka kuwatoa. Ngao mpya tunayo, kura haifunguliwi. Fainali ni keshokutwa Jumamosi, saa kumi, na siku hiyo nakutaka wewe, si mama. Upo au hupo?"

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo nilipomjua mtoto wangu, na niseme hata mimi nilijijua. Wiki zile zote alisema hawezi kwenda kwa Pacha kwa sababu atafukuzwa. Sasa hakuna anayemfukuza. Amesema yote na mlango bado uko wazi. Kidoti akageuka akanitazama. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Zima. Twende kwake sasa hivi, nakusindikiza. Anakungoja kabla, si baada."

Akaweka mkono juu ya panya, akautoa. Akauweka tena.

"Jumamosi tu, Mama," akasema. Kisha akamwambia Kamanda, "Nipo," akachomeka waya, na chumba kikawa kimya, nabaki namwona midomo inacheza.

Walishika nafasi ya nne. Jumapili asubuhi alioga, akavaa gauni lake la kazini lililo zuri, akaenda kwa Pacha. Nilimwona anavyotembea, niliomba. Hakukaa hata nusu saa. Alirudi akakaa jikoni kwenye kigoda, bado na viatu.

"Amekufukuza?"

"Hapana. Kanikaribisha vizuri. Kauliza kazini vipi. Kauliza baba atarudi lini. Kanipongeza kwa nafasi ya nne."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Kaniletea chai kwenye kikombe cha wageni," Kidoti akasema. "Kile chenye sahani chini yake."

Hao wawili tangu utoto walikuwa wanakunywea kopo moja, wanagombania kushika mpini. Niliendelea kumenya vitunguu.

Msimu mpya umeanza Jumatatu iliyopita, na kikosi sasa kinataka nafasi ya kwanza. Jumatatu nilikataa kukaa. Nilifungua pazia, nikamwambia kwenye simu nimesimama na nitasimama. Akawekewa alama ya kukosa. Jumanne nikakataa tena, alama ya pili. Jumatano asubuhi akaniambia, anafunga mkoba, bila ubishi wowote, kwamba ameongea na mwenye duka amruhusu awe anatoka saa tisa, mwenye duka amekataa, kwa hiyo anafikiria kuacha kazi.

"Uache kazi kwa ajili ya kuitika jina?"

"Kama wewe hukai, Mama, mimi nitafanyaje?"

Hakunitisha. Aliuliza kama anauliza njia. Baba yake nilimpigia akiwa barabarani, akasema, "Si umkalie tu, saa moja ni nini?" Basi. Nikikaa, anabaki mle. Nisipokaa, anaingia mle mzima mzima, mchana na jioni, na kazi hana. Nimeligeuza hili upande huu na huu, sijauona mlango.

Jana, Jumatano, nilikaa.

Leo nimewahi kumaliza nguo ili niandike haya, na sasa ni saa kumi kasoro dakika ishirini, simu italia muda wowote. Pacha amepita hapo nje saa saba na mkate wake kwapani, akanisalimia kwa adabu zote. Wewe ambaye mtoto wako bado hajakuomba, nakusihi. Siku atakapokuambia mama nikalie dakika kumi, mwambie macho yako hayaoni vitu vya karibu. Mwambie kioo kinakuumiza kichwa, unaona kizunguzungu, daktari amekukataza. Mungu atakusamehe uongo huo.